Kidude ni changu, bisibisi ni yangu

Jamani wasomaji wangu, kwanza samahanini kwa kimya cha wiki tatu. Kazi za chumba cha habari zimenibana, halafu meza yangu ya nyumbani imegeuka karakana. Meza niliyoinunua kwa ajili ya kuandikia sasa hivi ina chuma cha kuchomea risasi, kibano, chupa ya spiriti, skrubu kadhaa ndani ya kisahani cha chai (mama akijua kisahani chake kilikokwenda, nimekwisha) na Game Boy Advance iliyopasuliwa tumbo.

Jumamosi iliyopita rafiki yangu mmoja, mwanasheria, mtu wa vitabu, alipita kunisalimia. Akaangalia meza, akaniangalia usoni, akasema: "Sasa wewe dada, kitu kina miaka zaidi ya 20, kizima, kinawaka, unakiharibu kwa sababu gani?"

Nilimjibu kwa mzaha pale pale, tukacheka, akanywa chai yake (bila kisahani). Lakini lile neno kuharibu limenikaa kooni wiki nzima. Ndiyo maana leo naandika.

Kwa wasiojua: duniani kuna watu wengi tu ambao starehe yao ya mwisho wa wiki ni kuchukua vidude vya zamani vya gemu za mkononi, kuvifungua, na kuvitia vitu ambavyo kiwandani havikutiwa. Kioo kipya chenye taa. Betri ya kuchaji badala ya zile za kutupa. Spika yenye sauti ya kueleweka. Wengine huchora bodi zao wenyewe kwenye kompyuta, wakazipeleka kuchapwa China, kisha wakapanga chipu moja moja kwa kibano usiku kucha. Wenyewe wanaita "mod". Mimi nimeingia miaka miwili iliyopita na bado ni mwanafunzi, tena wa dawati la nyuma.

Hiki kidude changu kina historia yake. Kililetwa nyumbani kwetu Dar mwaka 2004 na binamu yangu, mtoto wa shangazi aishiye Muscat. Yeye alikuwa na miaka 14, mimi 5. Sisi huku tulizoea vile vigemu vya matofali vilivyoandikwa kifuani kwamba vina gemu 9999, na ukizihesabu kwa haki ni zile zile chache zilizobadilishwa kasi. Binamu akaja na Game Boy Advance ya zambarau na kaseti moja, Pokémon Red. Likizo ilipoisha akatuachia vyote viwili. Mtoto wa miaka 14 anaacha gemu lake kwa wadogo zake! Hadi leo sijui mimi ningeweza.

Lakini jamani, kile kioo... Game Boy Advance ilitoka mwaka 2001 na kioo cha rangi, nukta 240 kwa 160, kizuri kabisa, isipokuwa hakikuwa na taa. Hakuna. Ukiwa chumbani huoni kitu. Ukitoka juani unaona uso wako mwenyewe. Palikuwa na saa moja tu ya baraka, alasiri, barazani, jua likiwa begani kwako. Mwaka 2006, ule mwaka wa mgao wa umeme, tulijaribu kwa mshumaa, na alama ya nta ipo kwenye plastiki hadi leo. Hiyo sijaigusa na sitaigusa.

Na si sisi tu tuliolalamika. Mwaka 2002 kikaanza kuuzwa Marekani kifurushi kilichoitwa Afterburner. Ndani yake mlikuwa na kibamba chembamba cha kusambazia mwanga, taa ndogo na nyaya mbili. Unafungua kidude chako, unakata kata plastiki ya ndani, unabandika kibamba juu ya kioo, unachomea nyaya, unafunga. Ukiacha punje moja ya vumbi chini yake, utaitazama hiyo punje maisha yako yote. Watu walifanya hivyo mezani kwao jikoni, na kidude kipya, cha mwaka uliotangulia, si cha makumbusho! Mwaka 2003 kampuni yenyewe ikatoa Game Boy Advance SP, ile ya kukunja, na ndani yake kulikuwa na taa ya mbele. Sisemi kampuni iliwaiga. Nasema wenye vidude walijua wanachokosa, wakaenda kukitafuta kwa bisibisi. Hao tuwaite waharibifu?

Kuna jambo linalonichekesha kuhusu hawa wanaosema "acha kitu kama muumbaji wake alivyokiacha". Muumbaji mwenyewe alikuwa nani? Gunpei Yokoi, mtu wa Kyoto, aliajiriwa na Nintendo mwaka 1965 kutunza mashine za kiwanda zilizokuwa zikitengeneza karata. Fundi wa mashine! Katika muda wake wa ziada akajitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kufupika. Rais wa kampuni akauona, na badala ya kumfukuza akaamuru uingizwe sokoni. Ukauzwa mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand. Baadaye Yokoi akatuachia falsafa yake: chukua teknolojia iliyokwisha zoeleka, ya bei rahisi, iliyochakaa machoni pa wengine, uitumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Game Boy ya kwanza ya mwaka 1989, iliyotoka kwenye kitengo alichokiongoza, ndiyo falsafa hiyo ikiwa na vitufe: kioo cha rangi nne za ukijani, betri nne, basi. Washindani wake, Atari Lynx na Sega Game Gear, walikuwa na vioo vya rangi vyenye taa, na vilimeza betri sita kama mtu anayekula karanga. Game Boy ikawazika wote wawili.

Sasa niambieni. Mtu anayechukua kidude kilichopitwa na wakati, akakifanyia jambo jipya kwa vipuri vya bei ndogo, anamkosea Yokoi au anamfuata?

Nimeitaja Game Gear, ngoja nimalizie hapo hapo, maana ndipo hoja ya "usikiguse" inapovunjika mguu. Ndani ya Game Gear kuna kapasita, vile vipipa vidogo vya kutunza chaji. Kwa miaka mingi vimekuwa vikivuja. Majimaji yanatoka, yanakula shaba ya bodi, sauti inafifia, kioo kinapauka, mwisho kidude kinakufa kikiwa ndani ya boksi lake, kikiwa hakijaguswa na mtu, kikiwa safi kabisa. Game Gear nyingi zinazowaka leo zinawaka kwa sababu kuna mtu alizifungua, akang'oa kapasita zote, akaweka mpya. Kuacha kitu kama kilivyo nako ni kukifanyia jambo, ila ni jambo la polepole.

Halafu kuna wanamuziki. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndio walionivuta. Game Boy ya kwanza ina njia nne za sauti: mbili za mlio wa mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya kelele, kama mchanga kwenye bati. Mwaka 1998 Mjerumani Oliver Wittchow akatengeneza programu iitwayo Nanoloop, na karibu mwaka 2000 Msweden Johan Kotlinski akaja na Little Sound DJ. Zote mbili zinaigeuza Game Boy kuwa ala ya muziki. Ukipanda nayo jukwaani unagundua matatizo mawili: huoni kioo gizani, na sauti inayotoka kwenye tundu la sponji za masikioni ina mvumo. Wakatafuta dawa. Kwa sauti, wakachomea nyaya kabla ishara haijafika kwenye kikuza sauti cha ndani, wakatoboa ubavu wa kidude na kuweka tundu jipya. Kwa kioo, wakabandua karatasi ya nyuma ya kuakisi na kuweka taa. Taa ikafifisha picha. Basi wakaigeuza kinyume, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, kwa chipu moja tu ya kugeuza ishara, ya kawaida mno, ya bei ya chini ya soda, kisha wakazungusha karatasi ya kuchuja mwanga ili irudi sawa. Mara picha ikawa kali kuliko ilivyokuwa kiwandani! Nilipoelewa jinsi hiyo hila inavyofanya kazi nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi peke yangu. Saa 7 usiku. Mama akagonga mlango.

Nisieleweke vibaya lakini. Siyo kila kinachofanywa na wenzangu nakipigia debe. Tangu vioo vya kisasa aina ya IPS vienee, mwaka 2019 hivi, hobi hii imekuwa rahisi kupita kiasi. Unaagiza kifurushi, unaagiza ganda lililokwisha katwa tayari, unachomeka utepe, unafunga skrubu, unapiga picha. Dakika 40. Hujajifunza chochote isipokuwa namba ya kadi yako ya benki. Taa za rangi saba zinazowaka chini ya vitufe, hizo mimi naziita ushamba, na wenye nazo wanisamehe. Na kinachoniuma kuliko vyote ni vile vioo vya asili vinavyotupwa kwenye ndoo ya taka. Hapo rafiki yangu mwanasheria ana haki yake. Mimi nina kanuni moja tu: kila ninachokitoa nakihifadhi kwenye bahasha, nimeandika juu yake kimetoka wapi na tarehe gani. Kioo cha binamu kipo kwenye droo. Nikitaka kukirudisha kesho, kitarudi.

Mwanasheria hakuishia pale, mnawajua hawa watu. Akaniuliza: "Na sheria je?" Akanitajia kesi ya Gary Bowser, Mkanada aliyekamatwa mwaka 2020, akakiri makosa, na Februari 2022 akahukumiwa Marekani kifungo cha miezi 40 kwa kushiriki kundi lililouza vifaa vya kuvunja ulinzi wa Nintendo Switch na vidude vingine. Juu ya kifungo akakubali kulipa dola milioni 4.5 kwenye kesi ya jinai na milioni 10 kwenye ya madai. Kesi nzito. Lakini kundi lile lilikuwa likifanya biashara kubwa ya kuwawezesha watu kucheza gemu za wizi. Mimi ninabadilisha taa. Kuweka kapu moja hizi kazi mbili ni sawa na kumwita mwivi kila mwenye ufunguo wa ziada wa nyumba yake.

Tatizo ni kwamba lile kapu moja lina wateja wakubwa. California walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vifaa, ikasainiwa Oktoba 2023, ikaanza kutumika Julai 2024. Inawalazimisha watengenezaji wa simu, kompyuta, friji na mengineyo kutoa vipuri, vifaa na maelekezo ya ufundi kwa mwenye mali na kwa fundi wa mtaani. Sheria nzuri. Ila soma mbele kidogo: vidude vya gemu vimetolewa. Friji ndiyo, gemu hapana! Na mwezi Mei 2025, kabla ya kutoa Switch 2, Nintendo ikaandika kwenye makubaliano yake ya Marekani kwamba mtumiaji akivunja masharti, ikiwa ni pamoja na kuchezea programu zao, inaweza kukifanya kifaa chake kisitumike tena moja kwa moja. Yaani umelipa, umeondoka dukani na risiti mkononi, na mwenye duka bado anaweza kukizima akiwa kwake.

Hiki ndicho kinachonikera kuhusu neno kuharibu. Mimi nikifungua cha kwangu kwa bisibisi, naharibu. Wao wakikizima cha kwangu kwa mbali, wanatekeleza masharti.

Tofauti kati ya kidude cha binamu na vya leo ni kwamba cha kwake kinafunguka. Skrubu zake zina mabawa matatu, za kumzuia mtoto, lakini bisibisi yake inauzwa. Ndani kuna bodi moja ambayo wapenzi wa hobi hii wameipima mstari kwa mstari, wakachora saketi yake na kuiweka wazi kwa kila mtu. Na kuna maandishi yaitwayo Pan Docs, yaliyoanza mwaka 1995, yanayoeleza jinsi Game Boy inavyofanya kazi ndani kwa ndani, na bado watu wanayasahihisha hadi leo bila malipo.

Ule mchoro uliniokoa, nikiri. Kifurushi changu cha kioo kina nyaya tatu za hiari, unazichomea kwenye bodi ili uweze kupandisha na kushusha mwanga kwa vitufe. Nyaya mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu, ya kitufe cha L, nilikawia na chuma cha moto, na kile kiduara cha shaba kikabanduka kutoka kwenye bodi kama gamba la kidonda. Nilikaa sakafuni. Kweli nilikaa sakafuni, nikaona nimeua kitu cha marehemu.

Maana binamu alifariki mwaka 2013, sikuwaambia bado.

Kesho yake nikakibeba hadi Kariakoo kwa fundi simu mmoja anayekaa kwenye kijimeza cha ukubwa wa mkeka wa mtoto, mwenye hadubini na feni ya mezani. Akageuza bodi mara mbili tatu. "Dada, hii sijawahi kuiona. Mchoro wake unao?" Nikamfungulia kwenye simu. Akautazama dakika moja, akafuata mstari kwa ncha ya kibano, akakwangua sehemu nyingine ya njia ile ile, akaruka na waya mwembamba kama unywele. Shilingi 10,000. Hakuwa na haja ya kuijua Game Boy, alihitaji tu mtu amwachie ramani. Nilipomwambia ni cha kuchezea gemu, akacheka: "Mimi nilifikiri mashine ya hospitali, ulivyokuwa umeishika."

Sasa ile kaseti.

Pokémon Red inahifadhi safari yako kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri ndogo ya duara, kama ya saa. Betri ikifa, kila kitu kinafutika. Ukiing'oa ili uweke mpya, kinafutika vile vile. Kila siku inayopita ni kamari. Ukiwasha gemu, kabla hujaendelea linakuonyesha kijisanduku: jina la mchezaji, beji alizopata, saa alizocheza. Jina halizidi herufi 7, na binamu alijiita SULTANI, zinaenea sawasawa. Beji 8. Saa 143. Miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kubonyeza "mchezo mpya". Tulikuwa tunawasha, tunasoma jina, tunazima.

Wale waliosema "usikiguse" wangeniacha niendelee kuwasha na kuzima mpaka asubuhi moja kijisanduku kisitokee.

Kuna kifaa kidogo kiitwacho GBxCart, kilichobuniwa na mtu wa hobi hii Australia. Unachomeka kaseti upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Nilikiagiza na kulipia usafiri karibu sawa na bei yake. Kikanakili kumbukumbu yote ya kaseti: kilobaiti 32. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye simu inaizidi mara nyingi. Nikaiweka kwenye kompyuta, kwenye flashi mbili, na kwenye barua pepe yangu. Ndipo nikang'oa betri ya zamani, nikachomea mpya (ile yenye masikio ya bati tayari, msithubutu kuchomea risasi juu ya betri yenyewe, italipuka), nikafunga, nikarudisha zile kilobaiti 32 mahali pake.

Jumapili jioni nikampigia shangazi Muscat kwa video. Shikamoo, marahaba, habari za huko. Nikazima taa ya chumba makusudi. Nikawasha kidude, nikakisogeza mbele ya simu.

Shangazi akavaa miwani. Akakaa kimya kidogo.

"Hili jina kaliandika mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi. Mwenyewe."

"Ongeza mwanga, mwanangu, nisome vizuri."

Nikabonyeza kitufe cha L, nikaongeza.

Haya, naishia hapo kwa leo. Mdau yeyote mwenye kifuniko cha nyuma cha betri cha Game Boy Advance, rangi ya zambarau, hata kama kina mikwaruzo, aniandikie. Changu kimefungwa kwa plasta.